Usiamini macho yako mtoni, chukua fimbo

MSOMAJI, ukifika ukingoni mwa mto na mzigo wako wa chumvi, ukayaona mawe ya chini waziwazi, usifurahi haraka. Maji yenye matope hukutisha yenyewe. Maji maangavu ndiyo yanayodanganya.

Nilijifunza jambo hilo ukimbizini Zaire. Watu wengi wa West Nile walikimbilia huko na Sudan baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe, maabara hatukuwa nayo. Mwalimu alitia sarafu ndani ya bakuli, akaturudisha nyuma mpaka ukingo wa bakuli ukaificha. Kisha akamimina maji polepole. Sarafu ikaonekana tena, na hakuna aliyeigusa!

Sababu ni kwamba mwanga hauna mwendo mmoja kila mahali. Hewani husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini ndani ya maji ni kama 225,000 tu. Ukivuka kwa mshazari kutoka majini kuja hewani, hupinda.

Wasukuma mikokoteni wa Oraba watanielewa. Ukitoka barabara ngumu na kuingia mchangani kimshazari, gurudumu linalotangulia hukwama kidogo huku la pili likiendelea kukimbia. Mkokoteni hugeuka wenyewe. Ukitoka mchangani, hugeuka upande mwingine. Mwanga nao ni hivyo hivyo.

Jicho halina habari ya kona hiyo. Hudhani mwanga umekuja kwa mstari mnyofu, hivyo huliona jiwe juu kuliko lilipo. Maji huonekana yamepungua robo au zaidi. Ya sentimita 160 huonekana kama 120, na kutoka ukingoni huonekana mafupi zaidi. Yaani anayedhani atalowa kifua, anaingia kwenye maji ya kumfunika kichwa.

Kanuni ya kupinda huko iliandikwa na Ibn Sahl wa Baghdad mnamo mwaka 984, zaidi ya miaka 600 kabla ya Mholanzi Snell ambaye vitabu vya shule humpa sifa hiyo.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, tulifika kwenye mto uliong'aa kama kioo. Nilikunja suruali, tayari kuvuka. Mama akanishika mkono, akavunja tawi lililonizidi urefu, akalichomeka majini. Likazama lote. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Leo nafundisha hapa Ludara. Somo la mwanga naanza na bakuli na sarafu, namaliza na tawi. Watoto wengi waliorudi walikulia kambini na mjini, hawaijui mito yetu. Ndugu mzazi, ndugu mfanyabiashara, kabla mtoto hajatangulia majini, mpe fimbo apime kwanza.