Ngozi ikikaza, si ukoma wala si hasidi

Alfajiri mama anatia udhu kwa maji baridi. Vidole vinamwelemea, vinapauka vyeupe, kisha vinaingia rangi ya samawati. Vikipata joto vinarudi kwa maumivu. Baada ya miezi, pete haivuki kifundo, ngumi haifungiki, na kifuani kuna mabaka meusi na meupe. Mtaani maneno yanaanza: ni ukoma, ni hasidi, karogwa.

Huenda ni skleroderma, maradhi ya ngozi kuwa ngumu. Kazi ya kinga ya mwili ni kupigana na vijidudu, lakini hapa kinga humgeukia mwenyewe. Mwili hutengeneza kolajeni kupita kiasi. Hiyo ndiyo protini inayoipa ngozi uimara. Ikizidi, ngozi hukaza na kung'aa. Huwapata zaidi wanawake, hasa wa miaka 30 hadi 50.

Tofauti na ukoma ni hii: ukoma husababishwa na bakteria, na baka lake kwa kawaida hufa ganzi. Skleroderma haiambukizi kabisa. Kula naye sinia moja, mshike mkono.

Kuna aina inayobaki kwenye ngozi, na kuna inayoingia ndani. Hiyo ya ndani ndiyo ya kuogopwa. Huanza na kiungulia na chakula kukwama kooni, ikafika mapafuni mtu akahema kwa kupanda ngazi tu. Ikigusa figo, presha hupanda ghafla, na hapo ni kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana, lakini zipo za kutuliza kinga, kufungua mishipa ya vidole, na kulinda figo na mapafu. Zinafaa zaidi zikianzwa mapema. Usijinunulie prednisolone dukani, maana kwa dozi kubwa yaweza kuzidhuru figo za mgonjwa huyu.

Nyumbani, pasha maji ya udhu, vaa soksi, paka ngozi mafuta, acha sigara, na pima presha mara kwa mara.

Kusomewa dua ni kheri, wala hakuzuii kwenda hospitali. Ukiona vidole vinapauka na ngozi inakaza, mwambie daktari yote mawili kwa pamoja, na umuombe akuelekeze kwa bingwa wa maradhi ya viungo. Kila mwezi unaopotea kwa kutafuta mchawi, mapafu nayo yanazidi kukaza.