Kisukari cha Mimba: Ugonjwa Usiobisha Hodi

Katika makala yetu ya afya wiki hii tunazungumzia kisukari cha mimba, yaani kisukari kinachogunduliwa kwa mara ya kwanza mwanamke akiwa mjamzito. Tumeichagua mada hii kwa sababu akina mama wengi huuliza, "Sijisikii vibaya, kupima kwa nini?" Ukweli ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo mara kwa mara ni mambo ambayo kila mjamzito huyapata, hivyo si rahisi mtu kushtuka.

Kwanza tuangalie unavyotokea. Tunapokula, kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo huiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza katika seli za mwili ili zipate nguvu. Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza uwezo wa insulini. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza kazi na mambo yakaenda sawa. Kwa wengine kongosho hushindwa, na sukari hupanda. Kwa hiyo si haki kumlaumu mama kwamba amejiletea maradhi kwa kupenda vitu vitamu.

Sukari hiyo hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, naye hukua kupita kiasi. Katika jamii zetu mtoto wa kilo nne na nusu hupokewa kwa vigelegele, lakini unene huo unaweza kusababisha mabega yake kukwama wakati wa kuzaliwa, au mama kulazimika kufanyiwa upasuaji. Baada ya kuzaliwa, sukari ya mtoto huweza kushuka ghafla. Mama naye huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu la mimba.

Kipimo kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hufika bila kula tangu usiku, hutolewa damu, hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hutolewa damu tena. Kupima mkojo peke yake hakutoshi. Viwango vinatofautiana kati ya nchi na nchi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013, milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa glukosi zinatosha kuitwa kisukari cha mimba. Nchini Uingereza kiwango hicho ni 5.6. Huko Uingereza pia si kila mjamzito hupimwa, bali wale walio katika hatari zaidi. Kwa hiyo mweleze mkunga mapema kama mzazi au ndugu yako ana kisukari, kama uliwahi kujifungua mtoto mkubwa, kama una uzito mkubwa, au kama uliwahi kuwa na tatizo hili.

Habari njema ni kwamba tiba ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowahusisha wanawake 1,000 wa Australia na Uingereza, ulionyesha kuwa madhara makubwa kwa watoto yalishuka kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1 pale mama zao walipotibiwa. Tiba huanza na chakula. Mjamzito hahitaji kula sahani mbili kwa kuwa wako wawili, na wala asijinyime. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe samaki, nyama au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali au chapati. Chai inywewe bila sukari, na chungwa liliwe badala ya kukamuliwa juisi. Kutembea kidogo baada ya kula pia husaidia. Hayo yasipotosha, daktari hutoa vidonge au sindano za insulini. Insulini haimdhuru mtoto, kwa hiyo mama asiiogope.

Baada ya kujifungua sukari kwa kawaida hurudi chini, na hapo ndipo wengi husahau. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba yuko katika hatari karibu mara 10 zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili maishani. Apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, na baada ya hapo kila mwaka.

Kwa kawaida kipindi hicho mtoto hupelekwa kupewa chanjo, na watu wote humwangalia yeye. Tunawashauri akina mama, na waume zao pia, wasitoke kliniki siku hiyo kabla ya kuuliza: na mama naye, atapimwa sukari lini?