Filamu ya Mwisho ya Chaplin

Charlie Chaplin, akiwa na miaka 77 na sifa zake zimekwishaenea duniani, alitoa mwaka 1967 filamu yake ya mwisho, A Countess from Hong Kong, ambayo wahakiki wengi waliilaumu, wala hawakukosa hoja, kwani Marlon Brando, fundi wa ghadhabu na huzuni, hakujaaliwa wepesi wa kuchekesha, na milango ya chumba cha meli hufunguliwa na kufungwa hata mtazamaji akachoka. Walakini Sophia Loren, aigizaye mkimbizi mwenye asili ya Kirusi aliyejificha chumbani mwa mwanadiplomasia wa Kimarekani, yaani Brando, ana bashasha ya ajabu. Na Chaplin mwenyewe, apitapo kitambo kidogo kwa sura ya mtumishi mzee aliyelevywa na mawimbi, bado ni yule yule bingwa.