Wageni wa Asumbi na fedha zinazopita njia

Siku ya wazazi ikifika, barabara ya Rongo kwenda Homa Bay hujaa magari hapa Asumbi. Wazazi wa shule ya wasichana, jamaa za wanachuo wa ualimu, waumini wa misheni ya mapadri wa Mill Hill, na watu waliokuja mazishini: hao ndio watalii wa kweli wa sehemu hii, ingawa hakuna anayewaita hivyo. Hula chapati, hununua ndizi, na jioni wamekwisha kugeuza kuelekea Kisii au Nairobi. Ziwa Victoria liko mwendo mfupi wa matatu, nao hawalioni.

Wenye gesti wengi bado wanamngoja mzungu. Nadhani wanamngoja mtu asiye sahihi. Mteja yuko mlangoni tayari, amelipa nauli, anaijua ladha ya samaki. Anachokosa ni sababu ya kulala usiku mmoja.

Sababu zipo tele, kuanzia na historia. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwa ziliziunganisha Kendu Bay na Homa Bay na stesheni hiyo, na pamba ya wakulima ikapata njia ya kutoka. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka. Malori yalipochukua mizigo, gati zikapoa. Kendu Bay ya kale, na msikiti wake, inastahili asubuhi nzima ya kutembea kwa miguu. Karibu na hapo ni ziwa la Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi na heroe. Wazee husimulia kwamba ni kijiji kilichozama baada ya kumnyima kikongwe mahali pa kulala.

Lakini fedha hasa ziko kwenye sahani. Samaki aina ya mbuta akiuzwa mzima kwa mchuuzi, hupakiwa kwenye barafu na thamani yake huondoka naye hadi kiwandani au Nairobi. Samaki aliyekaangwa ufukweni humlipa mvuvi, mama samaki, mpishi, muuza mkaa na kijana wa bodaboda aliyemleta mgeni. Ngege wa ziwani amepungua, na siku hizi wengi hufugwa kwenye vizimba. Mgeni aulize anakula yupi, kwani bei na ladha hutofautiana. Omena iliyokaushwa vizuri hufika Nairobi bila taabu, na ni zawadi bora kuliko mkate wa dukani.

Mwenye siku mbili aende Ruma, hifadhi ya taifa pekee nchini Kenya yenye swala korongo, kisha avuke daraja la Mbita hadi Rusinga, kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969. Mwenye siku ya tatu ateremke Migori aone kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila udongo wala chokaa na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Huko gesti ni chache, kwa hiyo apange mapema.

Mwenye gesti wa Asumbi anaweza kuanza kwa ubao mmoja langoni: saa za feri ya Mbita kwenda Luanda Kotieno, nauli ya haki ya bodaboda, na simu ya mpishi wa ufukweni anayepokea oda tangu asubuhi.