Kuigeuza Themostati ya Kupasha Joto Ili Itumike Kupoza Maziwa



Vyama vyetu vya wafugaji katika mikoa ya Mbeya na Iringa hukusanya maziwa ya watu wengi na kuyachanganya pamoja. Hiyo ndiyo nguvu ya ushirika, lakini pia ndiyo hatari yake, kwa kuwa maziwa machache yaliyochacha huweza kuharibu yote, na hasara ikamwangukia hata mwanachama aliyeleta maziwa safi. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 37 au 38 za Sentigredi. Katika joto hilo vijidudu huweza kuongezeka maradufu kila nusu saa, au hata upesi zaidi. Yakipozwa hadi nyuzi 4, ongezeko hilo hupungua mno. Wala tusiitegemee hali ya hewa ya Rungwe au Mufindi. Baridi ya kumtetemesha mtu bado si baridi ya kutunza maziwa.

Chama kidogo kisicho na tangi la kupozea huweza kutumia friza ya kawaida kuhifadhi maziwa ya jioni mpaka gari lifike asubuhi. Hata hivyo, friza imeundwa kwa kazi ya kugandisha, karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Maziwa huanza kuganda kiasi cha nusu digrii tu chini ya sifuri, na yakiganda kisha yakayeyuka, mafuta yake hujitenga na mnunuzi huweza kuyakataa. Kwa sababu hiyo hutumika themostati ya plagi, yaani kifaa kinachokaa kati ya soketi ya ukutani na friza, kikiikatia friza umeme na kuirudishia ili joto lisipite kiwango kilichopangwa. Lakini themostati nyingine za namna hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya hita au mashine za kutotolea vifaranga, nazo hufanya kazi kinyume na tunavyotaka.

Themostati ni swichi

Ni lazima tuelewe kwamba themostati haileti joto wala baridi. Ni swichi inayoamriwa na joto. Zile za zamani zina utepe wa metali mbili zilizoshikamanishwa. Metali moja hutanuka kuliko nyingine, basi utepe hupinda na kukata au kuunganisha umeme. Mkemia wa Scotland, Andrew Ure, alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1830. Zile za kisasa hutumia kipimo kidogo kilicho mwishoni mwa waya.

Themostati ya hita huunganisha umeme joto linaposhuka na kuukata linapopanda. Hebu tuifunge kwenye friza bila kuibadili. Maziwa yakiwa na joto, friza itazimika. Yakiwa baridi mno, friza itawaka na kuzidi kuyagandisha. Kifaa ni kizima, lakini maziwa yatapotea.

Njia tatu za kuigeuza

Kwanza, soma maelezo ya kifaa kabla ya kukifungua. Themostati nyingi za elektroniki zina sehemu ya kuchagua kupasha joto au kupoza, mara nyingi kwa herufi H na C. Ukichagua C, kazi imekwisha bila kugusa waya hata mmoja.

Pili, baadhi ya themostati zina ncha tatu ndani. Moja ni ya kuingizia umeme. Ya pili hupata umeme joto likishuka, na ya tatu joto likipanda. Fundi huuhamisha waya wa moto unaokwenda kwenye friza kutoka ncha ya pili hadi ya tatu.

Tatu, ikiwa kifaa kina ncha mbili tu, fundi huongeza rilei, yaani swichi inayoendeshwa na koili ya umeme. Themostati huiwasha koili ya rilei, na friza huungwa kwenye ncha za rilei zinazopitisha umeme wakati koili imelala. Joto likishuka, themostati huiamsha rilei nayo ikaikatia friza umeme. Mpango huu una faida moja: themostati ikifa bila kupitisha umeme, friza huendelea kupoza. Maziwa yanaweza kuganda, lakini hayatachacha.

Kazi hizi mbili za mwisho zifanywe na fundi umeme mwenye leseni peke yake, plagi ikiwa imeng'olewa ukutani. Umeme wetu ni wa volti 230, na sakafu ya banda la maziwa huwa na maji kila siku. Waya wa ethi usikatwe kamwe, na ni vyema soketi hiyo iwe na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Maziwa yaliyomwagika hulipwa. Uhai wa mtu haulipiki.

Nguvu za kifaa

Kompresa ya friza inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imekwisha kuanza. Themostati inayoimudu hita huenda isiimudu kompresa. Ncha zake zitaungua au kushikamana, na friza haitazimika tena. Fundi athibitishe kwamba kifaa kimeruhusiwa kuendesha mota. Tena, kompresa haipendi kuwashwa na kuzimwa mfululizo. Ipangwe iwake joto likifika nyuzi 5 na kuzimika likifika 3, nayo ipate pumziko la dakika 3 hadi 5 kabla ya kuwaka tena. Kipimo kiwekwe ndani ya chupa ya maji iliyo kati ya keni; kikining'inia hewani kitababaishwa kila mfuniko unapofunguliwa.

Hesabu ambayo Katibu hana budi kuifanya

Themostati haiiongezei friza nguvu. Lita 100 za maziwa, kutoka nyuzi 35 hadi 4, zina joto la kuondolewa linalokaribia uniti 3 na nusu. Friza inayoondoa joto kwa kiwango cha wati 200 itahitaji saa 17, na kabla ya hapo maziwa yatakuwa yamechacha. Lakini lita 40 zilizokwisha kutumbukizwa na keni zake katika hodhi la maji baridi, zikakorogwa kwa chombo safi hadi zikafikia nyuzi 20, zitahitaji kiasi cha saa 3 na nusu hadi 4 katika friza hiyo hiyo. Kwa hiyo maji ya chemchemi yatangulie, friza ifuate. Chama kinachopokea mamia ya lita kwa siku kisijidanganye kwa friza na themostati. Kinahitaji tangi la kupozea.

Wajibu wa uongozi

Kabla ya kutia maziwa ya wanachama, friza ijaribiwe kwa keni za maji mchana na usiku mzima. Mhudumu apime kwa kipimajoto kingine, si kwa namba za themostati peke yake, na kuandika kila saa. Maji yakikutwa yameganda au yana joto kupita nyuzi 5 baada ya kupoa, fundi aitwe.

Baada ya hapo joto liandikwe katika daftari kila asubuhi na jioni, pamoja na saa na sahihi ya mhudumu. Ununuzi uidhinishwe na Bodi ya chama, kifaa kiingizwe katika kitabu cha mali, na stakabadhi ya fundi itunzwe ikieleza alichobadili. Juu ya kifaa chenyewe iandikwe kwa herufi kubwa: IMEGEUZWA – KWA KUPOZA TU. Bila maandishi hayo, siku moja mtu mwema ataiazima kwa ajili ya taa ya vifaranga, na vifaranga vyote vitakufa kwa baridi au kwa joto.

Mkaguzi atakapofika ataomba daftari la joto kama anavyoomba daftari la fedha. Mwanachama naye ana haki ya kuliomba, kwa maana maziwa yaliyomo katika friza ile ni mali yake.