Kovu Lisilojua Kukoma

Mfikirie msichana wa kidato cha pili aliyetobolewa masikio wakati wa likizo. Vidonda vilipona vizuri, naye akasahau. Baada ya miezi minne hivi alianza kuwashwa nyuma ya ndewe ya sikio, na alipopapasa alikuta kinundu kigumu mfano wa punje ya hindi. Mwaka ulipokwisha kinundu hicho kilikuwa kikubwa kama zambarau, chenye kung'aa, na msichana hakuvua tena mtandio mbele ya wenzake. Alipelekwa hospitali, kikakatwa kwa ganzi kwa muda usiofika nusu saa. Nyuzi zilipotolewa kila mtu alifurahi. Mwaka uliofuata uvimbe ulirudi, na safari hii ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Walimu wengi wamekwisha kuona jambo la namna hii, kwani kovu hili, ambalo wataalamu huliita keloidi, huota zaidi kwa watu wa umri wa miaka 10 hadi 30. Aghalabu nyumbani hutafutwa wa kulaumiwa. Baba husema daktari alishona vibaya. Jirani husema ni kijicho cha watu. Sababu yenyewe imo katika namna ngozi inavyojitengeneza.

Ngozi inapokatwa, kwanza damu huganda, kisha chembe nyeupe za damu hufika kuondoa vijidudu na uchafu. Kuanzia siku ya tatu hivi huingia chembe hai ziitwazo faibroblasti. Kazi yake ni kufuma nyuzi za kolajeni, yaani protini ileile inayoipa ngozi uimara wake. Mafundi hao hufanya kazi kwa bidii kwa muda wa majuma matatu hivi. Baadaye nyuzi zilizozidi huvunjwa, zilizosalia hupangwa upya, na kovu husinyaa polepole kwa mwaka mmoja au zaidi. Hata likiisha kukomaa, uimara wake hauzidi asilimia 80 hivi ya ule wa ngozi isiyowahi kujeruhiwa.

Katika keloidi amri ya kuacha kazi haitiiwi. Faibroblasti huendelea kufuma kuliko nyuzi zinavyovunjwa, na kovu hutambaa nje ya mipaka ya jeraha lililolianzisha. Hiyo ndiyo alama ya kulitofautisha na kovu nene la kawaida, ambalo huinuka lakini hubaki pale pale palipokatwa, na mara nyingi hupungua lenyewe. Tabia hiyo ya kutambaa ndiyo iliyomfanya daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, alipe kovu hili jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Hapo awali alikuwa ameliita kwa jina lenye kufanana na la saratani, akalibadilisha ili watu wasichanganye. Alifanya vema, kwa kuwa keloidi si saratani.

Watu wenye ngozi nyeusi hupatwa mara nyingi zaidi kuliko wenye ngozi nyeupe, na hali hii mara nyingi hufuata ukoo. Mahali pa jeraha nako kuna uzito. Kifua na mabega, ambako ngozi huvutwa kila mtu anapopumua au kuinua mkono, huathirika sana. Kope, ambazo ngozi yake imelegea, ni nadra kuathirika. Madaktari wa Nippon Medical School, Tokyo, wamelichunguza sana suala hili la mvuto, na ndiyo sababu wapasuaji wengi leo hushona kwanza tabaka za ndani ili mshono wa juu usibebe mzigo. Ndewe ya sikio, isiyovutwa na kitu, haifuati kanuni hii, nayo ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza kwa keloidi.

Sasa yaeleweka kwa nini kisu peke yake hakitoshi. Kukata ni kufanya jeraha jipya, na faibroblasti zilezile huitwa kazini upya. Taarifa za madaktari zaonyesha kuwa keloidi zilizokatwa bila matibabu mengine hurudi kwa wagonjwa 45 hadi 100 katika kila 100. Kwa hiyo swali kubwa kabla ya upasuaji ni kama mgonjwa ataweza kurudi hospitali mara kwa mara baadaye. Kama kijiji chake ki mbali na nauli haipo, ni heri kovu lisiguswe kwa kisu hata kidogo.

Msaada wa kwanza ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, inayodungwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya majuma manne hadi sita. Hupunguza ufumaji wa kolajeni, huondoa mwasho, na kwa keloidi changa yaweza kutosha bila kukata. Ingelifaa msichana yule apelekwe wakati wa punje ya hindi. Dawa ikizidi, ngozi hukonda na kufifia rangi. Hivyo si ya kudungwa na mtu yeyote. Kwa sikio lililokatwa, kibanio maalumu huvaliwa saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi kadhaa, kikibana damu isifike kwa wingi. Kwingineko hutumika utando wa silikoni, ambao huoshwa na kurudishwa kila siku baada ya kidonda kufunga. Mionzi, inayotolewa siku moja au mbili baada ya kukata, huzuia sana kovu kurudi, lakini mashine zake ni chache na kwa kawaida watoto hawapewi.

Kuchoma kovu kwa moto au kwa dawa kali za kienyeji ni kulichokoza.

Mwenye keloidi anayehitaji upasuaji wa lazima, kama wa kidole tumbo au wa kujifungua, asiukatae kwa kuogopa kovu. Amwonyeshe daktari makovu yake mapema, ili sindano au silikoni ipangwe tangu mwanzo. Baada ya hapo mshono huangaliwa kwa miaka miwili hivi, na mwasho au ugumu wowote mpya huonyeshwa hospitali mara moja, ungali mdogo.