Usiikague Zanzibar Mwezi wa Saba

Kila mwezi wa saba mji wetu wa Blaine, kaskazini mwa Minneapolis, hujaa watoto wa mpira. Mashindano ya USA Cup huchezwa kwenye viwanja vya National Sports Center, na timu hutoka majimbo mengi ya Marekani na nchi za nje. Nyasi ni kijani, maziwa yanang'aa, jua linazama saa tatu usiku. Mwaka 2023 mama mmoja aliyemleta mwanawe kucheza aliketi karibu nami, akaniuliza bei za nyumba za huku. "Ningepata kazi ningehamia kesho," alisema. Nilicheka. Nikamwambia, "Njoo kwanza Januari, halafu tuongee."

Mwaka mmoja baadaye, mwezi huohuo wa saba, nilikuwa nimeketi barazani kwa mama mkwe wangu Unguja. Upepo wa kusi unapuliza, dafu liko mkononi, mtoto anacheza nje na binamu zake. Nikamwambia mume wangu maneno yaleyale: "Mimi hapa ningehamia kesho." Sikujicheka wakati ule. Nilikuja kujicheka baadaye.

Nieleze kidogo. Mume wangu ni mzaliwa wa Unguja, mimi ni wa Tanga. Nilisoma diploma ya uuguzi nyumbani, nikaja Minnesota, nikasoma shahada hapa, na sasa ni mwaka wa tisa nafanya kazi hospitali, nyingi zikiwa zamu za usiku. Tuna mtoto mmoja wa miaka minane, mwenye pumu. Mama mkwe amevuka sabini. Tumekuwa tukizungumza habari ya kurudi kuishi kabla hatujazeeka, mtoto apate bibi na bibi apate mjukuu.

Tangu tuoane tulikuwa tumekwenda Zanzibar mara nne, na zote ilikuwa kati ya Juni na Agosti, kwa sababu ndipo shule za huku zinapofungwa. Safari ile ya 2024 tulioneshwa kiwanja nje kidogo ya mji. Ardhi tambarare, mchanga mkavu, miembe miwili, barabara karibu. Mwenyewe alitaka nusu ya bei kabla hatujapanda ndege kurudi. Fedha tulikuwa nazo. Ni akiba ya miaka sita. Mume wangu alikuwa tayari kulipa. Mimi nilikuwa tayari pia, mpaka usiku mmoja nilipomkumbuka yule mama wa USA Cup.

Nikamwambia mume wangu, "Hiki kisiwa tunakijua mwezi wa saba tu. Tunafanya alichofanya yule mama."

Hakufurahi. Tulirudi Blaine bila kulipa, na kwa wiki kadhaa nyumbani kulikuwa na ukimya.

Kisiwa kimoja, misimu minne

Waliokulia pwani wanayajua haya, lakini watoto wetu waliozaliwa huku hawayajui, na sisi wenyewe tukikaa mbali tunasahau.

Kuanzia Desemba mpaka Februari hivi ni kaskazi. Upepo hutoka kaskazini mashariki, bahari hutulia, jua ni kali. Februari na mwanzo wa Machi ndipo joto linapopanda zaidi: mchana nyuzi 32 au 33, na usiku hakupoi sana.

Katikati ya Machi mpaka Mei ni masika. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Kwa kawaida Aprili na Mei pekee huleta zaidi ya nusu ya mvua ambayo Minneapolis huipata mwaka mzima, tena ukihesabu na theluji iliyoyeyuka. Mahoteli mengi ya ufukweni Nungwi, Paje na Jambiani hufunga milango au hushusha bei.

Juni mpaka Septemba ni wakati wa kusi na kipupwe. Mchana nyuzi 28 au 29, usiku 21 au 22, hewa ni kavu kidogo. Huu ndio msimu wa wageni, wa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, na wa sisi wa Marekani na Ulaya tunaokuja na masanduku makubwa.

Oktoba mpaka Desemba ni vuli, mvua fupi zinazokuja na kuondoka.

Ukiuliza msimu bora wa kutembea, jibu ni rahisi: kipupwe, au kaskazi kabla joto halijazidi. Lakini anayekwenda kutembea na anayekwenda kukagua pa kuishi wana maswali tofauti. Wa kwanza anatafuta siku nzuri. Wa pili anatakiwa aione siku mbaya, aone kama ataiweza. Wazee walishasema: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Nilichokiona Aprili

Aprili 2025 nilichukua likizo yangu yote ya mwaka, tukamwombea mtoto ruhusa shuleni, nikapanda ndege naye. Mume wangu alibaki kazini. Wenzangu wa hapa walinicheka: "Nani anakwenda Zanzibar Aprili?" Nauli, kusema kweli, ilikuwa nafuu kuliko ya Julai.

Siku ya tatu nilimwomba shemeji anipeleke kwenye kiwanja chetu. Hatukufika. Gari tuliliacha barabarani, tukavua viatu, tukatembea. Pale penye miembe miwili maji yalinifika chini kidogo ya goti, na vyura wanaimba. Jirani mmoja alisimama mlangoni kwake, matofali yamepangwa kama daraja la kuingilia ndani. Nikamuuliza maji hukaa muda gani. Akasema, "Mwaka mzuri wiki mbili. Mwaka mbaya mpaka Juni." Niliuliza choo chake anakifanyaje. Akatikisa kichwa tu.

Swali la choo nililiuliza kama muuguzi. Shimo la choo likijaa maji ya mvua, kilichomo ndani hutoka nje, na kisima kilicho jirani hakisalimiki. Kipindupindu si hadithi ya zamani Zanzibar. Mlipuko wa 2015 na 2016 uliugusa mji na mashamba. Malaria imepungua sana visiwani kwa miaka ishirini hii, lakini haijakwisha, na mbu huifuata mvua.

Jambo la pili lilikuwa mtoto. Julai zote nne hakukohoa hata mara moja, tukawa tunasema hewa ya bahari imemponya. Aprili, usiku wa tano, aliamka anahema. Ukuta wa chumba ulikuwa na ukungu mweusi nyuma ya kabati, na godoro lilikuwa na unyevu. Nilimpa inhela yake, akatulia, lakini mimi sikulala. Ukungu na unyevu huamsha pumu. Nimewaeleza wagonjwa jambo hilo mara nyingi. Baridi ya Blaine nayo humsumbua, kwa hiyo sisemi huku ni bora kuliko kule. Nasema tulikuwa tumejidanganya.

Lakini lililonigusa zaidi si kiwanja wala ukungu. Usiku uleule, nikiwa macho, nilisikia sauti ya matone yakidondoka kwenye ndoo chumbani kwa mama mkwe. Nikaenda. Nikamkuta ameketi kitandani, kitanda kimesogezwa kwenye kona, ndoo mbili na sufuria moja sakafuni.

"Mama, paa linavuja tangu lini?"

"Tangu mwaka aliofariki baba yenu."

Hiyo ni miaka minane.

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia ili iweje, mwanangu? Nyinyi mkija huwa halivuji."

Miaka minane tumekuwa tukituma fedha za matumizi, za Sikukuu, za simu mpya, na kila Julai tunapiga picha barazani, juu yetu paa lenye matundu. Kila Aprili yeye husogeza kitanda.

Mambo mengine ya kupima

Umeme. Joto la kaskazi huwasha viyoyozi vyote kwa pamoja. Wakubwa wanakumbuka kisiwa cha Unguja kilivyokaa gizani kama miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya hitilafu ya njia ya umeme unaotoka bara. Kebo mpya ya chini ya bahari, ya megawati 100, ilianza kazi 2013 na hali ni tofauti sana leo. Hata hivyo, kama una mgonjwa anayetumia mashine, au dawa za kuweka kwenye friji, kaa wiki kadhaa za joto uone umeme wa mtaa wako, na uhesabu mara unazokatika.

Maji. Uliza yanatoka siku gani na saa ngapi. Jibu la mwenye nyumba lisikutoshe. Fungua bomba mwenyewe, asubuhi na jioni.

Ramadhani. Kwa miaka hii mwezi mtukufu unaangukia Februari na Machi, na kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Ofisi hufunga mapema na mchana migahawa mingi hufungwa, kwa hiyo usipange kumaliza makaratasi wakati huo. Lakini ukitaka kujua majirani wako ni watu gani, futari itakuambia zaidi kuliko dalali.

Kazi. Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga, tofauti na la bara. Leseni ya Minnesota haikupi ruhusa ya kushika sindano Unguja. Nenda siku za kazi, uliza mahitaji, ubebe nakala za vyeti vyako.

Karatasi za kuingia na kutoka. Mimi nilichukua uraia wa Marekani, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, naingia nchi niliyozaliwa kwa viza. Kwa pasipoti ya Marekani ni dola 100, na tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulipa pia bima ya dola 44. Mume wangu bado ni Mtanzania mwenye grinikadi, naye ana hesabu yake: akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo anaweza kuharibu safari yake ya kuomba uraia, na akipitisha mwaka bila kibali cha kurudi, grinikadi yenyewe inaingia hatarini. Kabla ya safari ya majaribio ya muda mrefu, ongeeni na mwanasheria wa uhamiaji.

Kwa hiyo uende lini?

Ushauri wangu kwa familia inayofikiria kuhama ni huu. Nenda Julai kama hujawahi kufika kabisa. Huna haja ya kuanza na adhabu. Safari ya pili, ile ya kukagua, nenda Aprili. Kama ni kiwanja, usilipe shilingi kabla hujakiona baada ya siku tatu za mvua. Safari ya tatu nenda Februari, ulale bila kiyoyozi angalau wiki moja. Zote tatu ukae nyumba ya kawaida mtaani, si hotelini. Ukishindwa kwenda mara tatu, basi chagua Aprili. Na ukihama, panga kwanza mwaka mzima ndipo ununue.

Najua ni gharama. Najua likizo zetu ni chache, na wanafunzi wanaosoma makala hii hawana nauli ya mara moja, sembuse mara tatu. Kama huwezi kwenda, mwombe ndugu akupigie video mvua inaponyesha, atembee na simu mpaka kwenye kiwanja, asikate. Video ya dakika kumi ya Aprili ina thamani kuliko picha mia za Julai.

Kiwanja kile hatukununua. Nilipompigia mume wangu video nikiwa ndani ya maji, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na nyumbani kwa mama pakoje?" Nikageuza simu, nikamwonesha ndoo.

Sehemu ya akiba ile tulianza kuitumia Juni, mvua zilipokwisha. Mafundi walibadilisha mabati ya upande mmoja na mbao zilizooza. Chumba tunachofikia kimepigwa plasta upya, na kabati limesogezwa mbali na ukuta.

Hatujaacha wazo la kurudi. Naandika haya Januari, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na mume wangu anafungasha. Anaondoka mwanzoni mwa Februari 2026 kwa wiki nne, wiki mbili za joto tupu na mbili zitakazoangukia Ramadhani. Amebeba daftari la kuandika umeme ukikatika.

Novemba, vuli iliponyesha, mama mkwe alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Mwanzoni nilidhani simu imeharibika, kwa sababu hakusema kitu; ilikuwa sauti ya mvua juu ya bati, nzito, kama dakika moja. Mwishoni ndipo akasema: "Nimelala kitandani kwangu, mahali pake. Nimeona nikusikilizishe."